Utitiri Mpya wa Mimea: Kutoka Kwenye Jani Hadi Kwenye Jina

Kumpata utitiri asiye na jina ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kazi ni kuthibitisha kwamba kweli hana jina. Wanaoanza hutumia nguvu zao zote kwenye kukusanya, kisha hukwama mbele ya hadubini kwa sababu walichorudi nacho hakilinganishiki na chochote: majike matupu, dume hakuna, na mmea wenyewe umeandikwa tu "kichaka chenye majani mapana". Kwa hiyo tangu siku ya kuchuma jani la kwanza, fanya kila kitu ukifikiria ulinganisho utakaokuja baadaye.

1. Chagua kundi moja

Utitiri wanaokula mimea wamo katika makundi machache. Familia ya Tetranychidae, ambayo wengi wake hufuma utando juu ya majani, ina spishi zaidi ya 1,300 zenye majina. Tenuipalpidae, yaani utitiri bapa, zina zaidi ya 1,100. Kundi kubwa la Eriophyoidea lina zaidi ya 4,000, na huko ndiko kwenye wasiojulikana wengi zaidi. Wapo pia baadhi ya Tarsonemidae wanaokunja na kuharibu machipukizi.

Usijaribu yote kwa pamoja. Kila kundi lina maandishi yake, istilahi zake na hata namna yake ya kutengeneza slaidi. Jike wa Tetranychidae ana urefu wa takriban milimita 0.3 hadi 0.5, na mwenye macho makali humwona bila lenzi. Wa Eriophyoidea wana takriban milimita 0.1 hadi 0.3, umbo la funza, na miguu minne tu maisha yao yote. Anayeanza atajifunza kwa wepesi zaidi kwa Tetranychidae. Anayetaka kupata spishi mpya haraka aende kwa Eriophyoidea, lakini ajiandae kuumia macho.

2. Vibali kwanza

Hili ni fupi, ila lisirukwe. Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika tarehe 12 Oktoba 2014, inahusu matumizi ya rasilimali za kijenetiki na mgawanyo wa faida zake, na nchi nyingi zina sheria zao juu ya hiyo. Pata kibali cha kukusanya, cha kusafirisha nje ikiwa sampuli zitavuka mpaka, na kama utachukua DNA hakikisha kibali kinataja hivyo. Majarida mengi sasa huomba namba ya kibali, na kibali hakipatikani kwa kurudi nyuma.

3. Kukusanya: mmea una uzito sawa na utitiri

Mazao makuu yamechunguzwa sana. Wasiojulikana wako kwenye miti ya msituni, magugu, nyasi na vichaka ambavyo hakuna anayevipulizia dawa. Beba lenzi ya mkono inayokuza mara 10 hadi 20, mifuko ya plastiki, karatasi za kunyonya maji, kalamu ya risasi na kisanduku cha ubaridi.

Angalia upande wa chini wa jani, hasa kando ya mishipa. Kwa Tetranychidae tafuta madoa meupe meupe, utando na magamba ya kujivua. Kwa Eriophyoidea tafuta vivimbe, kingo za jani zilizojikunja, manyoya yasiyo ya kawaida kama zulia, au machipukizi yaliyonenepa. Usiviamini vivimbe peke yake, kwani spishi nyingi za Eriophyoidea huzurura juu ya jani bila kuacha dalili yoyote. Majani yanayoonekana mazima kabisa nayo yapelekwe chini ya hadubini.

Funga majani katika karatasi ya kunyonya maji, kisha uyatie kwenye mfuko. Karatasi huzuia matone ya unyevu yanayowazamisha utitiri. Kwenye kisanduku cha ubaridi au jokofu watakaa hai siku kadhaa.

Sasa mmea. Chukua tawi lenye maua au matunda, likandamize na likaushe kama mimea ya hebaria (makusanyo ya mimea iliyokaushwa), lipe namba ileile ya sampuli ya utitiri, na ulipeleke kwa mtaalamu wa mimea. Spishi nyingi za Eriophyoidea zinajulikana kutoka kwenye mmea mmoja tu, kwa hiyo atakayekuja kulinganisha ataanza kwa kuuliza: yuko kwenye mmea gani? Ukikosea mmea, maelezo yako yatapotosha watu kwa miaka mingi, hata kama michoro yako haina dosari.

Andika papo hapo: mahali, latitudo na longitudo, kimo, tarehe, mkusanyaji, sehemu ya mmea na dalili zilizoonekana. Andika kwa kalamu ya risasi, maana wino wa kawaida huyeyuka kwenye alkoholi.

4. Gawa sampuli mara moja

Chini ya hadubini ya ukuzaji mdogo, waokote utitiri kwa brashi yenye unywele mmoja au miwili. Sehemu moja iende kwenye ethanoli ya asilimia 70 hadi 80 kwa ajili ya slaidi. Nyingine iende kwenye ethanoli ya asilimia 95 au zaidi na iwekwe kwenye baridi kali kwa ajili ya DNA. Ya tatu, ikiwezekana, ibaki hai.

Hiyo ya tatu watu huidharau, na mimi naiona kuwa ya thamani kubwa kuliko zote. Katika Tetranychidae nyingi mayai yasiyorutubishwa hutoa madume. Kwa hiyo ukikosa madume, mtenge jike mchanga ambaye bado yuko katika utulivu wa kabla ya kujivua mara ya mwisho, mweke peke yake kwenye kipande cha jani juu ya pamba yenye maji, na umwache atage. Hajakutana na dume, hivyo watoto wake wote watakuwa wa kiume. Kwenye takriban nyuzi 25 za Selsiasi, spishi nyingi za Tetranychus hukomaa katika muda wa wiki mbili au chini ya hapo. Utapata madume, na utapata pia hatua zote za ukuaji: yai, lava mwenye miguu sita, nimfu wa kwanza, nimfu wa pili.

Ujanja huu haufanyi kazi kwa wote. Katika Brevipalpus, jenasi ya utitiri bapa, spishi kadhaa huzaliana kwa majike pekee kwa sababu ya bakteria wa Cardinium walio ndani yao, na dume ni nadra. Huko utategemea jike, na itabidi umchunguze kwa undani zaidi.

5. Slaidi

Hapa ndipo spishi nyingi huharibikiwa. Hadubini nzuri haiokoi slaidi mbaya.

Kwa Tetranychidae na Tenuipalpidae hutumika zaidi kimiminika cha Hoyer: maji yaliyokenekwa (distilled) mililita 50, gamu arabika gramu 30, klorali haidreti gramu 200, gliserini mililita 20. Vichanganywe kwa mpangilio huo, bila kuchemsha, kila kimoja kiyeyuke kabla ya kinachofuata. Klorali haidreti ni sumu na nchi nyingi huidhibiti kisheria, kwa hiyo vaa glavu na fanya kazi penye hewa. Kwa Eriophyoidea kuna vimiminika vingine, vikiwemo vile vya Keifer, mtaalamu wa kundi hilo, kwa sababu ngozi yao ni nyembamba mno na huhitaji kusafishwa kwa hatua.

Tone liwe dogo. Mweke utitiri ndani yake, umsukume hadi aguse kioo, kisha ushushe kifuniko, yaani kile kioo chembamba cha juu, polepole kwa pembe ili hewa itoke. Utitiri mmoja, slaidi moja. Ukiwaweka watano pamoja ili kuokoa vioo, siku ya kuteua holotaipu, yaani kielelezo kimoja kinachobeba jina la spishi, itabidi uchore duara kumzunguka mmoja wao na kuomba duara hilo lisifutike.

Majike walale kifudifudi. Madume wa Tetranychus, Oligonychus na jamaa zao ni lazima walale ubavu, kwa sababu utambuzi wao hutegemea umbo la uume ukitazamwa kutoka pembeni: shingo yake, mkunjo wake, na kile kifundo cha mwisho kilivyoelekea mbele au nyuma. Dume aliyelala kifudifudi hana faida kwa kazi hii. Namna ya kumgeuza ni hii: weka kifuniko, acha kimiminika kianze kukaza kidogo, kisha ukiwa unatazama kwenye hadubini sukuma ukingo wa kifuniko kwa sindano. Kioo kikiteleza, utitiri hubiringika pamoja nacho. Koma pale uume unapoonekana wote katika tambarare moja. Kazi hii inahitaji subira, na utawapoteza baadhi, kwa hiyo anza na wale usiowajali.

Kausha kwenye oveni ya nyuzi 45 hadi 50 kwa takriban wiki moja, halafu zungushia kingo za kifuniko rangi ya kuziba, maana Hoyer hunyonya unyevu wa hewa. Bandika lebo mbili: moja ya mahali, tarehe, mmea na mkusanyaji, nyingine ya jina. Usiandike jina jipya kwenye lebo kabla ya makala kuchapishwa. Andika namba tu.

6. Tazama, hesabu, pima

Unahitaji hadubini yenye kontrasti ya awamu, inayodhihirisha sehemu zisizo na rangi, na lenzi ya mafuta inayokuza mara 100. Vipimo vyote ni kwa maikromita.

Kwa Tetranychidae angalia kucha na kile kiungo kilicho kati ya kucha, idadi ya vinywele kwenye kila pingili ya mguu, nafasi ya vinywele pacha kwenye pingili ya mwisho ya mguu wa kwanza, na mistari ya ngozi mgongoni. Andaa jedwali la jozi nne za miguu: nyonga, paja, goti, muundi, mwisho wa mguu. Kwa Tenuipalpidae tazama mapambo ya mgongo, idadi ya vinywele vya hisi kwenye mguu wa pili, na kifuko cha kuhifadhia mbegu za kiume. Kwa Eriophyoidea ni mchoro wa ngao ya mgongoni, idadi ya pete za mwili, matawi ya kiungo chenye umbo la unyoya mwishoni mwa mguu, na mistari ya kifuniko cha uzazi.

Pima majike wasiopungua watano, na kumi ikiwezekana. Mmoja peke yake anakuonyesha utitiri mmoja tu. Hakuonyeshi jinsi spishi inavyotofautiana ndani yake. Unywele unaokosekana kwenye mguu wa kushoto tu mara nyingi ni hitilafu ya mnyama huyo. Uhesabu pande zote mbili.

7. Je, ni mpya kweli?

Hatua hii ndiyo inayostahili muda mwingi kuliko zote, na ndiyo hufanywa kwa haraka.

Anza na funguo za utambuzi, yaani orodha za sifa za kuchagua hatua kwa hatua, hadi ufike kwenye jenasi, kisha kundi la spishi ndani ya jenasi. Kusanya maelezo ya asili ya kila spishi ya kundi hilo, hata yaliyochapishwa miaka mia iliyopita kwa Kijerumani au Kireno. Kwa Tetranychidae kuna hifadhidata ya Spider Mites Web, inayoorodhesha spishi, mimea na nchi. Maandishi mengi ya zamani yamewekwa bure kwenye Biodiversity Heritage Library. Usitegemee orodha ya utitiri wa nchi yako peke yake, kwani utitiri husafiri na miche. Mononychellus tanajoa, utitiri wa kijani wa muhogo, alielezwa kutoka Brazili mwaka 1938, na alipoonekana Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa mgeni Afrika lakini hakuwa mpya kwa sayansi.

Tengeneza jedwali: safu moja kwa kila spishi ya karibu, safu wima kwa kila sifa. Spishi yako ikitofautiana na jirani yake kwa urefu wa unywele mmoja tu, na vipimo vyao vinaingiliana, huna spishi mpya bado. Ukipata tofauti mbili tatu zisizotegemeana na zinazojirudia kwa wanyama wote, endelea.

Maelezo ya zamani yakiwa na mistari minne na mchoro wa kukisia, omba kuazima holotaipu kutoka makumbusho inayoitunza, au nenda ukaitazame. Ni kazi inayochosha, lakini ndiyo iliyofumbua mambo makubwa. Spishi iliyoitwa Brevipalpus phoenicis, inayotajwa sana katika magonjwa ya virusi vya mimea, ilichunguzwa upya katika makala ya mwaka 2015 na ikaonekana kuwa ni spishi nane zilizochanganywa chini ya jina moja. Watu walikuwa wameitazama kwa miongo. Tofauti zilikuwa kwenye mapambo ya ngozi na kwenye kifuko cha mbegu, mahali ambapo wengi hawakuwa wakitazama.

Kosa la upande wa pili nalo lipo. Tetranychus urticae, aliyepewa jina na Koch mwaka 1836, amekusanya majina mengi ya ziada kwa sababu hula mimea mingi na rangi yake hubadilika. Umbo lake jekundu liliwahi kuitwa Tetranychus cinnabarinus, na leo wataalamu wengi huliona kuwa ni spishi hiyohiyo. Rangi si sifa ya kutegemea, tena huyeyuka ndani ya alkoholi. Kwenye Eriophyoidea kuna mtego mwingine: baadhi ya spishi zina majike wa aina mbili, wa msimu wa kuzaliana na wa msimu wa kujificha, na huonekana kama wanyama wasiohusiana. Kabla ya kutangaza jipya, uliza kama mmea huohuo una utitiri anayejulikana kwa umbo moja tu.

DNA husaidia. Kipande cha jeni ya COI ya mitokondria na kipande cha ITS2 cha DNA ya kiini cha seli ndivyo hutumika mara nyingi. Tumia njia ya kutoa DNA isiyoponda mwili, ili gamba libaki na utengenezee slaidi. Mfuatano usio na mwili wa kurejelea utakusumbua baadaye. Lakini usiiachie COI uamuzi. Bakteria wa Wolbachia na Cardinium huweza kuvuruga historia ya mitokondria, na umbali wa asilimia kadhaa peke yake haujamaliza hoja. Ukiwa na makundi mawili hai, yazalishe pamoja: majike yakipandwa na madume wa kundi jingine na kuzaa watoto wa kiume tu, huenda mbegu haikurutubisha. Hata hapo kumbuka kwamba Wolbachia naye huweza kuleta matokeo hayo.

8. Mchoro na maandishi

Picha za hadubini ni nzuri, lakini mchoro wa mistari bado ni wa lazima, kwa sababu mchoraji huunganisha kina ambacho lenzi hukionyesha kipande kwa kipande. Chora mgongo, tumbo, miguu, mdomo, na uume kwa ukubwa wa kujitegemea. Weka kipimo kwenye kila mchoro. Usichore kinywele ambacho hukukiona. Andika kwamba hakionekani.

Maandishi yawe na ufafanuzi mfupi wa sifa zinazoitenga spishi, maelezo ya jike, dume na wachanga, vipimo vya holotaipu vikifuatiwa na upeo wa parataipu (vielelezo vingine vilivyotumika kuielezea spishi), orodha ya vielelezo, mmea na uhusiano wake na utitiri, asili ya jina, na aya ya ulinganisho. Aya hiyo ya mwisho ndiyo wahakiki huisoma kwanza. Taja spishi za karibu kwa majina na useme tofauti kwa namba, si kwa maneno kama "refu kidogo".

9. Jina

Kanuni za Kimataifa za Majina ya Wanyama, toleo la nne, zinatumika tangu tarehe 1 Januari 2000. Kwa spishi mpya zinadai mambo haya: kazi iwe imechapishwa ipasavyo, useme waziwazi kwamba ni spishi mpya, utoe maelezo ya sifa zinazoitofautisha, uteue holotaipu au kundi la vielelezo vya jina, na utaje mkusanyiko ambamo vielelezo hivyo vimewekwa au vitawekwa. Ukisahau lolote, jina halipo kisheria hata kama kila mtu analitumia.

Tangu 2012 makala ya kielektroniki pekee inakubalika, mradi iwe imesajiliwa ZooBank, rejesta rasmi ya majina ya wanyama, kabla ya kuchapishwa, na ushahidi wa usajili pamoja na tarehe ya kuchapishwa viwe ndani ya makala yenyewe. Ikisiri za mikutano hazihesabiki. Usiweke jina jipya kwenye bango la mkutano wala kwenye tasnifu kabla ya jarida kutoka, kwa maana unaleta mkanganyiko bure.

Kivumishi cha Kilatini hufuata jinsia ya jenasi: Oligonychus ni ya kiume, hivyo neno la udogo ni parvus, Aceria ni ya kike, hivyo parva. Jina la heshima kwa mwanamume mmoja huishia na -i, kwa mwanamke -ae, kwa wengi -orum au -arum. Unaweza kutumia jina la mahali au la mmea pia, ingawa la mmea huwa aibu spishi hiyo ikikutwa kwenye mmea mwingine mwaka unaofuata. Kujipa jina lako mwenyewe hakukatazwi na kanuni, watakucheka tu.

10. Baada ya kuchapishwa

Peleka holotaipu kwenye makumbusho uliyoitaja, usiibakize droo ya ofisini. Gawa parataipu kwa angalau taasisi mbili, ili moto au mafuriko yasimalize zote. Mifuatano ya DNA iwekwe kwenye hifadhidata ya GenBank ikiwa na namba za slaidi. Watumie nakala wanaotunza katalogi za familia yako. Mtu akionyesha baadaye kwamba spishi yako ilikwisha kupewa jina, jina la kwanza hutangulia na lako huwa kisawe. Michoro na kumbukumbu zako za mmea huendelea kutumika chini ya jina hilo la zamani.

Slaidi zilale bapa mahali pakavu penye giza, na zikaguliwe kila baada ya miaka michache. Ukiona fuwele au mapovu yanaingia kutoka ukingoni, ziba tena. Ikiwa yameshafika karibu na mwili, Hoyer huyeyuka kwenye maji: loweka slaidi, mtoe utitiri kwa uangalifu na umweke kwenye slaidi mpya, ukinakili lebo ya zamani neno kwa neno na kuihifadhi yenyewe pamoja na mpya.